Kupima Hewa kwa Moto, Meru hadi Embu

Mpagazi wa Chogoria anayeijua kazi yake hapandi Mintos na maharage mabichi. Atabeba mchele, unga, viazi na mboga, lakini maharage atayaacha nyumbani, ama atayapika yaive kabisa kabla ya kuvuka lango la msitu. Mintos, kambi ya Mlima Kenya kwenye njia ya Chogoria, iko mita 4,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na pale maji yakishatokota yamefika nyuzi 86 za Selsiasi. Ongeza moto utakavyo, hayapandi zaidi. Mjini Embu maji yaleyale hutokota kwenye nyuzi 95 na kitu, na Mombasa kwenye 100. Sufuria haina hatia, wala kuni. Kinachobadilika ni hewa iliyo juu ya sufuria: kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua, na maji yanayokandamizwa kidogo hugeuka mvuke mapema.

Ukiligeuza jambo hilo unapata chombo. Anayejua kwa hakika mvuke wa maji yanayotokota una nyuzi ngapi anajua hewa inamlemea kiasi gani, na akijua hilo anaweza kukadiria amepanda kiasi gani. Wasafiri wa karne ya 19 walipima milima ya Afrika Mashariki hivyo, kwa taa ndogo ya spiriti na kipimajoto cha kioo. Baadaye ujanja uleule, yaani kupasha kitu joto, kukiachia hewa, kisha kutazama hewa inakifanya nini, ulihamia kwenye nyaya nyembamba za platinamu, ukarudi mlimani kwa sura nyingine, na leo umejificha chini ya boneti za magari ya Probox yanayokimbiza miraa. Hadithi yake ni ndefu kidogo, na upande huu wa dunia haikuanza na mgeni mwenye kipimajoto.

Mwishoni mwa 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Huko alikutana na Mwembu aitwaye Rumu wa Kikandi. Rumu alimweleza kwamba karibu na kwao kuna mlima, Kirinyaga, ndio Mlima Kenya wa leo, na kwamba amewahi kuufikia mara nyingi ila hakupanda mbali, kwa sababu juu kuna kitu cheupe na baridi yake haivumiliki. Tarehe 3 Desemba mawingu yalipisha kidogo na Krapf akauona mlima kwa macho yake. Taarifa ilipofika Ulaya, wako waliomcheka. Theluji Ikweta? Mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kukanyaga bara la Afrika, alikuwa tayari ameshaikana theluji ya Kilimanjaro iliyoonwa na Johannes Rebmann mwaka wa 1848. Ubishi kuhusu Mlima Kenya haukuisha hadi 1883, Joseph Thomson alipoutazama kutoka upande wa Laikipia.

Mimi humhesabu Rumu kuwa mpimaji wa kwanza wa hewa ya mlima huu aliyetajwa kwa jina katika maandishi. Alitumia mwili wake, akasema alipofika na kwa nini aliishia hapo. Ushahidi wa aina hiyo haukuwatosha wanajiografia wa London. Walitaka namba.

Namba za kimo zilipatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa barometa ya zebaki, bomba la kioo lenye urefu wa karibu mita moja, limejaa zebaki, la kubebwa begani kutoka pwani kupitia nyika, mito na miiba. Mabomba hayo yalivunjika mno. Ya pili ilikuwa kuchemsha maji. Daniel Gabriel Fahrenheit alikwisha kugundua mwaka wa 1724 kwamba kiwango cha kutokota hufuata shinikizo la hewa. Mwaka wa 1817 Mwingereza William Hyde Wollaston alieleza kipimajoto chepesi cha kutokota ambacho kingeweza kuchukua nafasi ya barometa milimani. Mfaransa Victor Regnault akatengeneza majedwali ya mvuke yaliyowezesha msafiri kugeuza nyuzi kuwa shinikizo bila kukisia. Chombo kikaitwa hipsomita. Ni birika dogo la shaba lenye shingo ndefu, taa ya spiriti chini yake, na kipimajoto kinachoning'inia ndani ya mvuke. Hakitakiwi kugusa maji, kwa kuwa maji yenye uchafu au chumvi hudanganya lakini mvuke wake husema kweli. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilipotoa kitabu chake cha mwongozo kwa wasafiri mwaka wa 1854, kuchemsha maji kukawa sehemu ya adabu ya safari.

Chombo kilikuwa chepesi, lakini hakikuwa chepesi kukitumia. Karibu na usawa wa bahari, kosa la sehemu moja ya kumi ya nyuzi ni kosa la mita 30 hivi za kimo. Kioo chenyewe hujinyonga polepole kadiri miaka inavyopita, na alama ya sifuri huhama kutoka mahali pake. Upepo ukiingia kwenye taa, mvuke huwa hafifu. Kisa maarufu cha Afrika Mashariki ni cha John Hanning Speke. Mwaka wa 1858, kwa maji yaliyochemshwa, alikadiria Ziwa Tanganyika kuwa kwenye futi 1,800 na kitu, ilhali liko kwenye futi zaidi ya 2,500. Mwaka huohuo kipimo chake cha Ziwa Viktoria kilikuwa futi 3,740, karibu sawasawa na ukweli. Mtu mmoja, ujanja mmoja, mwaka mmoja: mara kosa la zaidi ya mita 200, mara shabaha. Na ugomvi mkubwa kuhusu chanzo cha Mto Nili, uliomgombanisha na Richard Burton, ulitegemea kwa sehemu namba hizo.

Kuna kosa jingine ambalo msemaji wa Kiswahili anaweza kulikumbuka kirahisi kuliko Mzungu, kwa sababu ya saa zetu. Katika nchi za Ikweta shinikizo la hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kwa mpango ambao hauvurugwi sana na mvua wala kiangazi. Jua hupasha angahewa joto, na angahewa nzima huyumba kwa mawimbi mapana yanayoizunguka dunia. Shinikizo hufika juu kwenye saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, na hufika chini kwenye saa kumi jioni na tena saa kumi alfajiri. Saa nne hupanda, saa kumi hushuka, mchana na usiku. Tofauti yake katika nyanda za juu za Kenya ni hektopaskali tatu hivi. Kwa birika la hipsomita hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya nyuzi, na kwenye ramani ni mita kama 30. Msafiri aliyechemsha maji Chuka saa nne asubuhi, akachemsha tena palepale saa kumi jioni, angeapa kwamba kilima kimenyanyuka. Waliokuwa makini walilijua jambo hilo, wakaandika saa ya kila kipimo na kusahihisha. Wasiokuwa makini walituachia ramani zenye vilima vinavyocheza.

Mlima wenyewe ulifikiwa hatua kwa hatua. Mwaka wa 1887 Mhangari Sámuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel walifika upande wa kusini-magharibi, na Teleki akavuka msitu hadi kwenye nyasi na majabali ya juu. Mwaka wa 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory alifika kwenye barafu. Kisha mwaka wa 1899 akaja Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford, pamoja na waongozaji wawili wa milima kutoka Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel. Msafara wao ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wamasai wawili wa kuonyesha njia na Wakikuyu 96. Adhuhuri ya tarehe 13 Septemba, Mackinder, Ollier na Brocherel walisimama juu ya Batian, kilele cha juu kabisa.

Namba ya Mackinder ya kilele ilikuwa futi 17,200, sawa na mita 5,243 hivi. Wapimaji wa baadaye, kwa darubini za pembe na hesabu za pembetatu, waliishusha hadi mita 5,199. Kosa la mita 44 kwa mlima wa namna hiyo, mwaka ule, ni dogo. Linalonisumbua ni kwamba nambari imedumu vitabuni pamoja na majina matatu ya waliofika kileleni, huku watu zaidi ya 160 waliobeba kila kitu, kuanzia mahema na chakula hadi vyombo vya kupimia, wakibaki jumla tu. Njaa iliukabili msafara huo, na baadhi ya Waswahili wale hawakurudi makwao.

Tuvuke sasa tuingie kwenye waya.

Hipsomita ina kasoro moja ambayo haiponi: ni ya polepole. Lazima uwashe, usubiri, uchungulie zebaki. Huwezi kupimia upepo unaobadilika kila sekunde, wala gesi inayopita ndani ya bomba. Mwaka wa 1887 Hugh Callendar alionyesha huko Uingereza kwamba waya wa platinamu unaweza kuwa kipimajoto sahihi sana, kwa kuwa ukinzani wake wa umeme hupanda kwa utaratibu kadiri unavyopata joto. Hapo milango mingi ikafunguka kwa pamoja. Ukipitisha umeme kidogo kwenye waya mwembamba kuliko unywele, waya wenyewe huwa taa na kipimajoto kwa wakati mmoja. Umeme huupasha joto, hewa huupoza, na ukinzani wake hukuambia nani anashinda. Mtoto anayepuliza uji uliomo kwenye kikombe anafanya hesabu hiyohiyo upande wa pili: akipuliza kwa nguvu uji hupoa haraka, akipuliza polepole hukawia. Anayeujua uji vizuri angeweza kukuambia pumzi ilikuwa na nguvu kiasi gani.

Mwaka wa 1906 Marcello Pirani, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliufungia waya wa namna hiyo ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Hewa ikiwa chache, hakuna wa kuubebea waya joto lake, na waya hubaki moto. Hewa ikiingia kidogo tu, hupoa. Kwa njia hiyo alipima mashinikizo madogo sana ambayo barometa haiyaoni kabisa, na kipimo chenye jina lake kingali kikitumika viwandani. Mwaka wa 1911 Mmarekani Carl C. Thomas alieleza mita ya gesi inayofanya kazi kwa kuipasha gesi joto kidogo ndani ya bomba na kusoma imepanda nyuzi ngapi kati ya kuingia na kutoka. Mwaka wa 1914 Louis Vessot King, wa Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, aliandika hesabu ya waya wenye joto katika upepo: joto linalopotea hukua kwa kufuata kipeuo cha pili cha kasi ya hewa. Kwa lugha nyepesi, upepo ukiongezeka mara nne, sehemu ya upozaji inayotokana na upepo huongezeka mara mbili. Hii ndiyo sababu nyaya hizi huwa kali sana kwenye mivumo midogo na hulegea kwenye mikubwa. Mvumo ambao hautikisi jani la mgomba huonekana kwenye waya.

Kisha vita. Mwaka wa 1916, upande wa Ufaransa, Mwingereza William Tucker aliweka waya wa platinamu wenye joto kwenye mdomo wa chombo kitupu ili kusikiliza mizinga. Bomu linalopita angani hutoa mlio mkali unaovuruga maikrofoni za kawaida, lakini mzinga uliolifyatua, maili kadhaa nyuma, hutuma wimbi zito na la polepole la shinikizo. Wimbi hilo likifika kwenye chombo husukuma hewa ndani na nje ya mdomo, waya hupoa kwa kufumba na kufumbua, na alama huchorwa kwenye filamu. Vyombo vikipangwa mstari mmoja, tofauti ya sekunde kati ya kimoja na kingine huonyesha mzinga uko wapi. Lawrence Bragg, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel akiwa na miaka 25, ndiye aliyeongoza kazi hiyo. Shinikizo dogo mno, lisilosikika hata na sikio zuri, lilikuwa limepata msikilizaji.

Vita vilevile vilifika Meru na Embu kwa sura tofauti kabisa. Vijana wa wilaya hizi, kama wa wilaya nyingine za Kenya, walichukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi katika kampeni dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika, na wengi walikufa kwa magonjwa na uchovu. Jina la kikosi chao limebaki kwenye masoko ya Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Huku kwetu, chombo kikuu cha vita kilikuwa bado bega la mpagazi.

Waya wenye joto ulifika mlimani rasmi miaka mingi baadaye. Mwaka wa 1989 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianzisha mpango wa kuifuatilia angahewa kwa vituo vilivyosambaa kote duniani, na likakosa macho ya kutosha kwenye Ikweta. Mwaka wa 1999 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kwa msaada wa Uswisi, ilifungua kituo kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, upande wa Sirimon, juu ya Timau na Nanyuki, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari. Pale maji hutokota kwenye nyuzi 88. Kazi ya kituo ni kunusa. Hewa huvutwa kwa pampu, na mashine hupima ozoni na kaboni monoksidi iliyomo, gesi ambazo hupatikana kwa vipimo vya sehemu kwa bilioni.

Lakini kunusa pekee hakutoshi. Lazima ujue umenusa hewa kiasi gani, na hapo ndipo ujanja wa Carl Thomas hurudi. Katika maabara za aina hii mtiririko wa gesi husimamiwa na vidhibiti vinavyotumia joto. Ndani ya kidhibiti kuna kijibomba chembamba chenye nyaya mbili zilizozungushwa nje yake, moja nyuma na nyingine mbele, zote zikipashwa joto sawa. Gesi ikisimama, zina nyuzi sawa. Gesi ikianza kutembea, ile ya kwanza hupokonywa joto na ile ya pili huletewa, na tofauti kati yake hueleza ni gesi ya uzito gani inayopita. Uzito ndio neno la kushikilia hapa. Lita moja ya hewa ya Sirimon ina hewa chache kuliko lita moja ya Mombasa, kwa hiyo anayehesabu kwa lita hupotea anapopanda mlima, na anayehesabu kwa joto lililobebwa hapotei. Wataalamu wa maabara ya Empa ya Uswisi wanapokwenda kukagua mashine za kituo, moja ya kazi zao ni kuchanganya gesi ya mtungi yenye kipimo kinachojulikana na hewa safi. Mtiririko ukikosewa, kila kilichopimwa baada yake kimekosewa.

Kituo kilifundisha pia jambo ambalo wenyeji wa miteremko walilijua kwa ngozi. Mchana jua hupasha mteremko, hewa hupanda kutoka mashambani ikileta moshi wa majiko na wa makaa, vumbi la barabara na unyevu wa msitu. Usiku mteremko hupoa, hewa huteleza kurudi chini, na kilele hukaa ndani ya hewa safi ya juu iliyosafiri kutoka mbali, pengine kutoka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo kipimo cha mchana huielezea Kenya, na kipimo cha usiku huielezea nusu ya dunia. Watafiti walipochambua data ya miaka ya mwanzo ilibidi kwanza wazitenge saa za usiku. Adui mkubwa kuliko wote alikuwa umeme. Laini ndefu inayopita msituni na kwenye majani ya mlimani haikosi radi na miti inayoanguka, na mashine inayohitaji joto ikikosa umeme haipimi chochote.

Na birika la zamani? Wakati kituo kinafunguliwa, Waswisi haohao walikuwa bado wanarusha angani, kutoka Payerne nchini mwao, maputo yenye hipsomita ya maji, ndogo kiasi cha kutosha kiganjani. Sababu ilikuwa ya kisayansi kabisa. Juu sana angani hewa ni chache mno na vipimo vya kawaida vya shinikizo huchanganyikiwa, lakini kiwango cha kutokota huzidi kuwa kikali kadiri shinikizo linavyoshuka. Pwani, hektopaskali moja huhamisha nyuzi kwa takriban 0.03 tu. Kwenye shinikizo la hektopaskali 10, kilomita 30 juu, badiliko lilelile huhamisha karibu nyuzi moja na nusu. Birika la Wollaston lilikuwa limepata kazi bora kuliko ile ya milimani, karibu miaka 180 baada ya kuelezwa.

Nairobi yenyewe imekuwa ikirusha maputo ya ozoni tangu 1996 kwa ushirikiano na Uswisi, na watafiti wa Innsbruck waliwahi kuweka kituo cha hali ya hewa kwenye barafu ya Lewis ya mlima huu ili kuelewa kwa nini inaisha. Hayo ni mambo makubwa, na yameandikiwa sana. Mimi navutiwa zaidi na mahali ambapo waya huu umefika bila sherehe wala mfadhili.

Miraa ya Igembe haingoji. Ikikatwa asubuhi lazima iwe sokoni kabla haijanyauka, na toka Maua magari hukimbia ama kwa Timau na Nanyuki, ama kwa Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes na Embu, yakivuka Mto Nithi na Mto Thuci kwenye mabonde yanayojulikana kwa ajali. Barabara ya kwanza hupita mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Ya pili hushuka na kupanda kama kamba iliyolegea hadi kwenye mpunga wa Mwea, mita 1,200 hivi. Kati ya Mwea na juu ya Timau hewa hupungua uzito kwa takriban sehemu moja ya kumi.

Zamani za kabureta hilo lilikuwa tatizo la dereva. Kabureta hupima hewa kwa kasi yake, haijui uzito wake, basi ukipanda petroli huzidi, plagi huwa nyeusi na gari hupoteza nguvu. Fundi wa nyanda za juu aliweka jeti ndogo zaidi, na gari likishuka pwani likalalamika kwa njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Bosch ilileta sokoni mfumo wa mafuta unaotumia waya wa platinamu wenye joto kwenye njia ya hewa, na watengenezaji wengine wakafuata. Probox, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka wa 2002 na kuja Kenya kwa maelfu ikiwa mitumba, inacho kihisi hicho kimechomekwa kwenye bomba baada ya chujio la hewa. Waya hudumishwa katika joto lililozidi la hewa kwa kiwango kisichobadilika, na umeme unaohitajika kuudumisha ndio habari inayokwenda kwenye kompyuta ya injini. Kijihisi kingine pembeni husoma joto la hewa yenyewe. Gari halijui kama liko Timau au Mwea, wala halina haja ya kujua. Linajua uzito wa hewa iliyomezwa sasa hivi, na linamwaga petroli kwa kiasi hicho. Kazi iliyomgharimu Mackinder birika, majedwali na mikono ya wapagazi hufanywa na kidude cha ukubwa wa kidole gumba, mara nyingi kwa sekunde.

Udhaifu wake ni uleule wa taa ya spiriti: kitu chochote kinachoingia kati ya joto na hewa huzaa uongo. Barabara za marram za Nyambene hutoa vumbi jekundu laini kama unga, na chujio lililochakaa au la bei rahisi huliachia. Vumbi likichanganyika na mvuke wa oili huupaka waya ngozi. Ngozi hiyo huzuia joto kutoka, waya hudhani hewa ni chache, kompyuta hupunguza petroli, na gari lililojaa hadi paani huanza kukohoa palepale kwenye kupanda kutoka Thuci, ambako nguvu inahitajika zaidi. Mifumo ya mwanzo ya Bosch ilikuwa na dawa yake: injini ikizimwa, waya uliwashwa hadi uwe mwekundu kwa muda mfupi ili uchafu uungue. Probox haina anasa hiyo. Ina fundi.

Fundi mzuri wa Makutano mjini Meru, au wa gereji yoyote ya Embu, huanza kwa kuchomoa plagi ya kihisi huku injini ikiunguruma. Kompyuta ikikosa habari za waya huanza kukisia kwa kufuata mzunguko wa injini na jinsi kanyagio lilivyokanyagwa. Injini ikikisia vizuri kuliko ilivyokuwa ikipimiwa, mwongo amepatikana. Hapo kihisi hutolewa kwa skrubu mbili, hupuliziwa dawa inayokauka bila kuacha mafuta, na huachwa kikauke chenyewe. Mwanafunzi wa gereji hukatazwa mambo mawili: kukigusa kwa kidole, na kukipuliza kwa kompresa, kwa sababu waya ule hukatika kwa hewa ileile uliyoumbwa kuipima. Mwenye gari, ambaye alikuja amejiandaa kununua pampu ya mafuta, hupewa bili ya dawa na ya chujio jipya, na kwa kawaida hubishia chujio.